Mutumia wa Dirishani

Kuna mama mmoja alienda hospitali kumpelekea mzee wake uji, akarudi nyumbani amenyolewa na kutiwa enema.

Si masihara. Hakuwa mgonjwa, hakuwa amelazwa, hata kichwa hakikumuuma. Alikaa tu kitandani akimngoja mzee atoke msalani, nesi akaja na beseni, wembe na mpira wa maji ya sabuni.

Yule nesi ni shangazi yangu. Anaitwa Wamucii. Na kama unaona hii ni hadithi ya kuchekesha, cheka sasa hivi, maanake huko mbele hutapata nafasi.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane. Wamucii alikuwa amelelewa na nyanya yake Nyeri, lakini baba yake, mzee Ng'ang'a, alikuwa anauza mbao Makindu, wateja akiongea nao Kiswahili tu, na alitaka binti akae dukani. Unesi kwake ilikuwa kazi ya kuosha makalio ya watu usiowajua. Alisema hivyo hivyo, mezani, watu wakila.

Wamucii akakaa ngumu. Aliomba nafasi kwa shule ya manesi ya misheni moja upande wa Kitui, wakamkataa. Mwaka uliofuata akaomba tena, wakamwita intavyu. Wakampima urefu, wakamwambia asome Kiingereza, wakambebesha ndoo za maji kutoka kwa tangi wakiangalia kama atamwaga.

Halafu Sista Nzomo, mkuu wa wodi, mama mmoja mnene asiyejua kucheka, akamuuliza kama anajua Kikamba. Wazee wa huko Kiswahili kilikuwa kinawapiga chenga, na nesi asiyeelewa mgonjwa ataua mtu.

"Najua, Sista," akajibu.

Uongo mtupu. Hakujua hata salamu. Alijiambia Kikamba na Kikuyu ni ndugu, ataelewa akifika.

Nafasi akapata. Baba yake akamwambia aende, lakini akirudishwa, ni dukani moja kwa moja mpaka atafutiwe mume. Miezi sita ya kwanza ilikuwa ya kujaribiwa. Ukipita, unavishwa kofia nyeupe ya unesi mbele ya wazazi. Ukianguka, unafunga sanduku.

Kitanda cha pili yake bwenini kililaliwa na msichana wa kijiji cha Tulia, huko huko Kitui, Syombua. Mwembamba, mcheshi, mkono mwepesi wa sindano. Wakawa chanda na pete. Mgonjwa akiongea Kikamba, Wamucii anatingisha kichwa kama ameelewa, halafu anamgeukia Syombua pole pole: "Amesemaje? Sijasikia vizuri." Syombua anamwambia kwa Kiswahili, na kazi inaendelea. Hata Syombua mwenyewe hakuambiwa ukweli.

Basi siku hiyo ikafika. Wodi ilikuwa moja ndefu, wanaume huku na wanawake kule, pazia katikati. Na pazia lenyewe lilikuwa limepelekwa kufuliwa.

Sista Nzomo akapita mbio akamwambia Wamucii amtayarishe mutumia wa dirishani, daktari wa upasuaji yuko njiani. Kutayarisha ni kunyoa tumbo la chini na kupiga enema. Mgonjwa asile kitu.

Sasa sikiliza. Kwa Kikuyu, mutumia ni mwanamke, mke wa mtu. Wamucii akatazama dirishani akaona mama amekaa kitandani. Moyo ukasita kidogo, kwa sababu hakukumbuka kumwona jana. Akamuuliza Syombua, "Amesema nani?"

Syombua akamsogelea, akatabasamu, akasema kwa sauti kubwa, neno moja moja: "Mutumia. Wa. Dirishani."

Wengine wakageuka kuangalia. Wamucii akaona haya, akachukua beseni.

Yule mama, Kalekye, Kiswahili hakuwa nacho. Aliambiwa lala, akalala. Baadaye alisema alidhani ni sheria mpya kwa wageni wote, na hakutaka kumwaibisha mzee wake kwa ubishi.

Sista Nzomo aliporudi alimkuta mama anatapatapa kutafuta choo, na mumewe, mzee Kivuva, mgonjwa mwenyewe wa kupasuliwa ngiri, ameketi kwenye benchi anapangusa ndevu baada ya kumaliza uji wote.

"Mutumia ni huyu," Sista akasema, akimwonyesha mzee kwa kidole. "Huyu mwenye ndevu. Wewe macho yako yako wapi?"

Hapo ndipo Wamucii akajua. Kwa Kikamba, mutumia ni mzee. Mzee mwanamume, wa kuheshimiwa.

Daktari alikuja, akakuta mgonjwa ameshiba, akafoka wodi nzima ikasikia, akaondoka. Wamucii akaitwa ofisini. Na angejitetea namna gani? Akisema neno hilo kwao lina maana nyingine, ataulizwa, si ulisema unajua Kikamba? Aliyedanganya intavyu anarudishwa siku hiyo hiyo. Akameza. Akasema alichanganyikiwa tu, asamehewe.

Hawakumfukuza. Walimnyima kofia, wakamwongezea miezi ya kujaribiwa.

Siku ya kofia mzee Ng'ang'a, bila kuambiwa lolote, alitoka Makindu na koti jipya, shangazi wawili na sufuria ya mukimo, kile chakula cha sherehe cha Wakikuyu. Wakakaa mstari wa mbele. Majina yakasomwa moja baada ya lingine. Syombua akaitwa, akavishwa, akapigiwa vigelegele. La Wamucii halikusomwa. Mzee alingoja mpaka viti vikaanza kukusanywa.

Nje akamwambia binti yake apande gari waende. Wamucii akakataa. Mzee akaitazama ile sufuria, haikuwa imefunguliwa.

"Ukishindwa tena," akasema, "usije Makindu. Tafuta baba mwingine."

Jioni hiyo msichana mmoja akamnong'onezea kwamba binamu ya Syombua ndiye aliyekuwa anafuata kama nafasi ingetokea. Ukirudishwa wewe, anaingia yeye. Hulijui hilo?

Jameni. Kila kitu kikajipanga. Lile tabasamu. Ile sauti kubwa, neno moja moja, ili kila mtu asikie. Syombua alijua mutumia ni nini kwa Mkikuyu, akamsukuma shimoni huku anacheka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ningekuwa mimi ningemrukia pale pale, tung'oane nywele, yaishe. Wamucii hapana. Alimkumbatia Syombua, akampa hongera, akamsaidia kubana kofia kwa pini isianguke. Moyoni akaapa kwamba huyu atalia mbele ya watu, na atalia siku anayoitaka kuliko zote.

Miezi ikapita akitembea wodini kichwa wazi, akisafisha vyungu vya wagonjwa, wenzake weupe kama kuku wa kizungu. Kofia yake alikuja kupewa ofisini, bila mgeni, bila wimbo. Akashukuru, akatoka.

Na Kikamba akajifunza. Mzee Kivuva aliporudi kupasuliwa, Kalekye alikuja naye, na badala ya kumchukia Wamucii alimcheka mpaka akashika mbavu, akisema tangu aolewe tumbo lake halijawahi kuwa jepesi vile. Huyo mama akawa mwalimu wake. Kila alipokuja kliniki walikaa nyuma ya jikoni, anataja kitu, Wamucii anarudia. Mwaka wa tatu Wamucii alikisema Kikamba kama mtu aliyezaliwa Kikima, katikati ya Ukambani. Lakini hakukisema mbele ya Syombua hata mara moja. Aliendelea na lake lile, "Amesemaje? Sijasikia vizuri." Kisu alikuwa anakinoa kimya kimya.

Ikafika praktikali ya mwisho. Mtahini ametoka Nairobi, mama wa miwani. Kila mwanafunzi amepewa mgonjwa wake. Syombua alipewa mzee Mbuvi, mwenye kidonda cha mguu, na kazi yake ilikuwa kukisafisha na kukifunga. Kazi ambayo angeifanya amefumba macho.

Asubuhi Wamucii akampelekea mzee Mbuvi chai. Akainama, akamwambia kwa Kikamba safi:

"Mzee, huyo msichana atakayekushika mguu leo ni wa Tulia. Kabla hajakugusa, muulize susu yake alikuwa nani."

Susu ni nyanya. Hakusema zaidi. Hakutaja uchawi. Kwa wazee wale hakukuwa na haja. Ukiambiwa uulize bibi ya mtu alikuwa nani, umeshaambiwa kwamba uchawi umo kwenye ukoo. Mzee Mbuvi akaweka kikombe chini bila kumaliza.

Syombua akaja na troli yake imepangwa vizuri, kofia imenyooka. Akamsalimia mzee. Mzee akavuta mguu, akajifunika blanketi mpaka kidevuni.

Akambembeleza. Akapiga magoti. Mtahini akauliza kuna nini. Aliponyoosha mkono kufunua blanketi mzee akapiga kelele kwamba huyu asimshike, ana mkono wa nyanya yake. Fosepsi, ile koleo ya kushikia pamba, ikamtoka Syombua ikaanguka sakafuni, akainama akaiokota, akairudisha kwa troli pamoja na vile vifaa safi. Mtahini akafunga kalamu yake.

Syombua alilia mbele ya wodi nzima. Wamucii alikuwa kitanda cha tatu anafunga bandeji, na hakuinua kichwa hata kidogo. Alifanya mtihani mzuri kuliko wote siku hiyo. Na wacha niseme ukweli, nilipofika hapa mara ya kwanza kusimuliwa, nilipiga makofi.

Kufikia saa saba neno lilikuwa limeruka kitanda kwa kitanda. Wagonjwa walikataa maji aliyoleta Syombua. Mpishi akamwambia asiguse sufuria. Mpaka wenzake wa bwenini wakawa wanahamisha vikombe vyao.

Alasiri mzee Ng'ang'a akafika kumchukua binti yake, maanake alijua mtihani unaisha siku hiyo. Syombua alikuwa ameketi kwenye ngazi, macho mekundu. Alipoona mgeni mwenye mvi anakuja na Wamucii, akainuka haraka, akajipangusa uso, akapinda goti, akashika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Karibu, mutumia," akasema kwa heshima zote. "Wewe ndiye mutumia wa kina Wamucii? Mutumia, nikuletee kiti?"

Mzee Ng'ang'a akaurudisha mkono wake kama ameungua.

"Huyu mtoto ananiita mwanamke?"

Syombua akababaika, akamtazama mzee, akamtazama Wamucii. "Nimekosa wapi? Si ni neno la wazee? Kwani kwenu mutumia ni nani?"

Wamucii akamgeukia rafiki yake. 

"Syombua," akasema, "ile siku ya enema. Mbona ulinijibu kwa kelele vile?"

"Si ulikuwa unasema kila saa hujasikia vizuri?" Syombua akasema. "Nilijua una shida ya masikio. Nilikuwa nakuongelea kwa nguvu, neno moja moja, usikie mara moja, Sista asijue akakurudisha nyumbani."

Na binamu? Binamu alikuwa ameshaolewa Mwingi kabla hata hawajaanza shule. Wamucii hakuwahi kuuliza.

Akamwacha baba yake amesimama pale, akakimbia wodini mpaka kwa mzee Mbuvi. Akamwambia kwa Kikamba kile kile kizuri kwamba alidanganya. Hajui nyanya ya Syombua, hajawahi kumwona, hakuna neno lolote, alisema tu kwa chuki.

Mzee Mbuvi akamtazama kwa huruma.

"Pole, mwanangu," akasema. "Kumbe amekufikia na wewe. Asubuhi ulikuwa huna woga, sasa ona unavyotetemeka. Nenda, sitamwambia mtu kwamba ulinionya."

Akamwendea Sista Nzomo, akakiri yote, hata uongo wa intavyu. Sista akasema uongo wa intavyu umeshapitwa, Kikamba sasa anacho; lakini mtihani ni wa mtahini, na mtahini ameshaondoka. Fosepsi ilianguka chini na ikarudishwa kwa troli, hilo hakuna aliyemlazimisha. Syombua arudie baada ya miezi sita.

Lakini arudie kwa mgonjwa gani? Nani angekubali mguu wake ushikwe?

Kesho yake asubuhi Syombua alifunga sanduku. Kabla ya kutoka akachemsha chai, akawakaribisha wenzake wa bwenini kuagana. Kila mmoja akawa na haraka ya kwenda mahali. Vikombe vikabaki mezani vimejaa, vinatoa moshi.

Wamucii akachukua kimoja, akanywa chote.

Syombua akamshika mkono, akalia tena. "Ni wewe tu hukuniogopa," akasema. "Mungu akubariki. Rafiki wa kweli ni wewe peke yako."

Na shangazi yangu, aliyekuwa ameweza kukiri kwa mzee Mbuvi na kwa Sista Nzomo, akashindwa kukiri kwa huyo mmoja aliyestahili. Akambebea sanduku mpaka barabarani. Neno lilikuwa limeshafika Tulia kabla ya basi.

Syombua hakurudi kufanya mtihani. Unesi ukaishia hapo. Wamucii alivaa kofia yake miaka mingi, akastaafu na heshima, na mzee Ng'ang'a alimwonyesha picha yake kila mtu aliyeingia dukani kununua mbao.

Wewe unayesoma hii na kuna mtu umemwekea moyoni, unangoja siku yake, sikuambii umsamehe. Mimi mwenyewe si mwepesi wa kusamehe. Nenda tu kwanza ukamuulize, uso kwa uso, kwa nini alifanya alichofanya. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kuna mtu yuko Tulia mpaka leo ambaye watoto wa jirani wanakatazwa kupita kwake, na anaamini kwamba katika shule nzima alikuwa na rafiki mmoja.