Siku Wenye Nyanya Walipolikagua Duka

Siku hiyo Mama Kidole alitoka nyumbani na kiatu chake mguu mmoja, cha mumewe mguu wa pili, akafika uani ndipo akashtuka. Mumewe, fundi baiskeli asiyependa maneno mengi, akamwuliza kama anakwenda kazini au harusini. Akamjibu kuwa ni zaidi ya harusi, maana mume alichumbia msichana mmoja tu, mkewe leo anachumbia kijiji kizima.

Huyu mama tumjue kidogo. Alikulia kwenye kibanda cha mboga cha mama yake, akaingia duka kubwa la vyakula akiwa keshia, akapanda mpaka akawa mnunuzi wa mboga na matunda. Anaongea kama mafuta yaliyokwisha pata moto. Jina la Kidole walimpa madereva wa malori. Mzigo ukifika mlango wa nyuma alikuwa akibonyeza nyanya moja, akabonyeza ya pili, kisha akitikisa kidole, basi, kreti nzima inarudi ilikotoka. Hakuna wa kumlilia. Naye akidhani huko ndiko kuijua kazi, masikini.

Ikatokea duka likaagiza nyanya kupita kiasi. Meneja akamnong'oneza autafutie mzigo kasoro. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama mpaka akaipata, akatikisa kidole. Alipotoka kazini akamkuta dereva anamwaga nyanya mtaroni, nyekundu, nzima, hazina hata mkwaruzo. Kando yake mwanamke amekaa juu ya kreti tupu, anatazama. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wenye mzigo ule. Usiku huo Mama Kidole hakugusa chakula.

Kesho yake aliingia ofisini kwa meneja bila kubisha hodi. Akasema tulichoagiza tukipokee, na kibovu kikataliwe mbele ya mwenyewe, aambiwe sababu. Meneja akamwambia biashara si huruma. Wakavutana weee, mpaka duka la mtaa wa pili lilipoanza kuwanyemelea wakulima wale wale. Nyanya zao zingeondoka, rafu zingebaki kupangwa vumbi. Hapo meneja akapata masikio ghafla.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wakulima walisema maneno matamu wameshayala sana na hayajawahi kuwashibisha. Ndipo Mama Kidole akaropoka jambo ambalo hata yeye lilimshangaza. Aliwaambia kuwa miaka yote duka limeukagua mzigo wao, sasa na wao waje walikague duka. Wakiridhika, walete. Wasiporidhika, nyanya ziende kwa jirani na hatawalaumu.

Basi leo ndiyo siku yenyewe. Shambani lori limesimama tupu, watu wanangoja kusikia lielekezwe wapi.

Mwenyekiti alifika na wenzake wawili. Mama Kidole akawaingiza kwa mlango wa mbele, mdomo haufungi. Sakafu ilikuwa inang'aa, mboga zimepangwa mpaka karoti zinaona haya. Mwenyekiti akatembea taratibu, akashika nyanya, akaigeuza, akairudisha mahali pake.

"Pazuri," akasema. "Sasa nionyeshe sisi tunapoingilia."

Lo, Mama Kidole akawapeleka mlango wa nyuma, macho chini! Pambapamba yote ile, na uani hakuna aliyekumbuka kupita. Lango la chuma, saruji inayochoma, kivuli hakuna, benchi hakuna, bomba la maji limekauka, na choo kimefungwa kwa kufuli kwa sababu ni cha wafanyakazi. Hapo ndipo watu walikuwa wakishinda wakingoja mzigo wao utazamwe.

Mwenyekiti akaomba meneja aitwe. Akaja na tai yake na faili kwapani. Mwenyekiti akavuta kreti, akaifuta kwa upindo wa nguo, akamkaribisha kwa adabu zote. Akamwambia, "Kaa hapa, baba. Tutakuja kukupokea." Kisha akawaongoza wenzake ndani, lango likafungwa.

Wakazunguka duka wakiulizia hiki na kile bila haraka yoyote. Mama Kidole kicheko kilikuwa kinamtokea puani. Akiwaza kazi yake, akiwaza lori, kisha akimwaza bosi wake juani, kicheko kinaanza upya. Walipofungua lango walimkuta meneja tai imo mfukoni, faili liko kichwani. Akasimama polepole.

"Mama, samahani," akasema. "Hapa hakai mtu."

Pale pale akampigia simu seremala aje kujenga kibanda cha kivuli, akaamuru choo kifunguliwe, na bomba litengenezwe leo, siyo wiki ijayo. Mama Kidole akadhani mambo yamekwisha, akaanza kutabasamu. Mwenyekiti akamgeukia.

"Kivulini tutakaa, nashukuru. Lakini wewe mwanangu nina swali kwako. Zile zilizomwagwa mtaroni, ulijua kuwa ni nzima?"

Meneja akakohoa. Kikohozi kile Mama Kidole alikielewa vizuri sana, maana kusema kweli ni kumvua bosi nguo mbele ya wageni. Angeweza kusema hakumbuki. Angeweza kulisingizia joto.

"Nilijua, mama," akasema. "Zilikuwa nzuri. Tuliagiza nyingi, tukawatwisha ninyi mzigo wetu."

 Mwenyekiti akatoa simu kifuani, akabonyeza, akangoja ipokelewe.

"Pakieni," akasema. "Ndiyo, huku huku. Tumepata mtu wa kusema naye."

Mama Kidole akaruka pale pale kwenye saruji, akamkumbatia mama wa watu, akamkumbatia na meneja bila kukusudia, huku machozi yanamtoka na wala hayafuti.