Bawabu Aliyeitwa Godoro

Bawabu wa supamaketi alikuwa na mwili wa kabati la milango mitatu, na ufundi wake ulikuwa mmoja tu: kumkalia mwizi mpaka polisi wafike. Wateja walimwita Godoro, naye akalipokea jina kama cheo. Akiwa juu ya mtu, alipangusa miwani taratibu kwa ncha ya tai huku akiwaelekeza wapitao, "Karibu mama, pita upande huu." Siku alipomkalia mtu mmoja aliyeficha sabuni kwapani, sauti ilitoka chini: "Kaka, sipati pumzi." Godoro akacheka, foleni nzima ikacheka naye. "Anayeongea anapumua!" Baada ya hapo yule mtu hakuongea tena, na Godoro akamsifu kwa kutulia. Polisi walipofika wakawaambia wote wawili wainuke. Aliinuka mmoja.

Meneja, kwa busara zake za ofisini, akaona dawa ni kumnunulia Godoro kiti cha plastiki, awe anakalia hicho. Lakini kila mara Godoro akikikalia, kiti hulia kwii, naye huruka kama aliyekalia siafu, akainama na kukinong'oneza: "Pumua, kaka."