Fomu ya Mwanafunzi wa Bwana Nadeem

Ile fomu ilikuwa karatasi moja tu, lakini Nyevu aliibeba tangu Jumatatu hadi Ijumaa kama mtu aliyetwishwa robota la pamba iliyorowa.

Kazi yake ilikuwa kwenye afisi ya ghorofani, Ndia Kuu, Mji wa Kale. Mwenye afisi, Bwana Taher, alikuwa akiwapitishia watu mizigo yao bandarini Kilindini. Nyevu aliingia pale angali msichana, akapiga taipu miaka kumi na mmoja. Halafu ikaja kompyuta. Mwaka wa tisini na sita Bwana Taher akamwagiza fundi kutoka Karachi, kijana mpole aitwaye Nadeem, aje aiweke na kuitunza. "Hapa Mombasa nani aijuaye hii?" alisema. Hakuna aliyejibu, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa.

Sasa serikali haimpi mgeni kibali cha kazi hivi hivi. Hutaka mwananchi awekwe chini yake ajifunze, ili muda ukisha mgeni aende zake na mwenyeji akae kitini. Bwana Taher aliandika jina la Nyevu. Aliliandika kwa sababu ndiye aliyekuwa akipita na chai wakati ule.

Nadeem hakuwa mchoyo, ila ualimu haukuwa wake. Husema tu, "Tazama, dada," vidole vikaenda kama mvua juu ya mabati, kisha akainuka. Nyevu akatazama. Alijifunza kama tulivyojifunza mapishi kwa mama zetu: hupimiwi chumvi, huelezwi moto, unakaa jikoni na macho yako. Kila jioni aliandika alichokiona katika daftari kuukuu la mwanawe Chonga, kwa Kiswahili chake mwenyewe: *Ikitoa mstari mweupe na kunyamaza, usiiguse. Hesabu hadi ishirini. Kisha rudi mlango wa kwanza.* Hilo daftari hakumwonyesha mtu. Aliona haya.

Basi Jumatatu ile, miaka miwili ikielekea kwisha, Bwana Taher akamwita.

"Nyevu, mama, tia sahihi hapa."

Nyevu akasoma. Karatasi ilisema kwamba yeye, mwanafunzi wa Bwana Nadeem, bado hajaweza kuifanya kazi hii peke yake, na mwalimu wake aongezewe miaka miwili.

"Ni maneno ya serikali tu hayo," akasema Bwana Taher. "Nadeem abaki, na wewe ubaki. Nani ataumia?"

"Nipe nafasi nifikiri, Bwana Taher."

"Fikiri, fikiri. Lakini Ijumaa jioni naitaka, wikendi ikiingia nimechelewa."

Nyumbani alimweleza mumewe. Tsofa alikuwa kibarua wa bandarini, na tangu makontena yazidi na mizigo kuinuliwa na mashine, alikuwa akiitwa siku mbili tatu kwa juma. Zilizobaki hukaa barazani akizisema serikali na meli.

"Sahihi ni wino, Mama Chonga," akasema. "Wino haujamuua mtu."

"Lakini ni uongo, Baba Chonga."

"Kwani unaweza kuiendesha peke yako?"

Nyevu akaikunja fomu, akaikunjua.

"Ewaa!" Tsofa akapiga paja. "Basi si uongo! Umekosa usingizi kwa neno la kweli!" Akacheka mpaka akakohoa.

Alicheka yeye, lakini lile swali lilimchoma Nyevu mahali palipokuwa wazi. Angejuaje kama anaweza? Miaka miwili ametazama, hajawahi kuachiwa. Jumatano aliingia kanisani, akapiga magoti nyuma kabisa. Alijua kumshuhudia jirani uongo ni dhambi. Na mtu akijishuhudia uongo mwenyewe? Akiandika kwamba hawezi, na kumbe anaweza, amekitupa kipawa alichopewa na Mungu. Akiandika kwamba anaweza, na kumbe hawezi, mizigo ya watu italala bandarini, yeye atafutwa kazi, na Chonga atafukuzwa shule kwa kukosa karo. Isitoshe, watu walikuwa wakisema ukiingia mwaka elfu mbili kompyuta zote zitapotewa na akili. Siku hiyo nani atasimama mbele ya mashine ile? Na Nadeem je? Nadeem ana mke huko Karachi, Khatoon, na mtoto mchanga ambaye yeye baba amemwona kwenye picha tu. Nyevu aliinuka pale magoti yakimuuma.

Ijumaa ikafika. Saa sita na nusu Bwana Taher alikwenda msikitini kwao, Nadeem naye akaenda msikiti wa jirani. Saa hiyo ya Ijumaa afisi ilikuwa kama imelala. Kompyuta ikikwama, desturi ya Nyevu ilikuwa kuifunika kitambaa chake na kungoja wanaume warudi. Ndivyo alivyofanya miaka yote miwili, wala hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Saa saba stima ilikatika, ikarudi. Kompyuta ikawaka, ikatoa mstari mweupe, ikanyamaza.

Nyevu alikuwa ameshakishika kitambaa, mara Samuel, karani wao wa bandarini, akapanda ngazi mbio, shati limemganda mgongoni.

"Dada Nyevu, karatasi za zile mbegu za mahindi! Forodha wanazitaka kabla ya saa nane, la sivyo ni Jumatatu. Na mvua imeshaanza huko kwa wakulima!"

"Zimo humu, na fundi yuko msikitini, Samuel."

"Sasa tufanyeje?"

Nyevu akamtazama Samuel, akaitazama saa ya ukutani. Akakiweka kitambaa chini. Akatoa daftari mkobani.

Akahesabu hadi ishirini. Akarudi mlango wa kwanza, pale mashine inapoanzia. Ikakataa. Akarudia, ikakataa tena, ikamwandikia Kiingereza kirefu asichokijua. "Ee Mola, usiniaibishe," akasema kwa sauti, na Samuel akaitikia amina kama yuko ibadani. Nyevu akafunua ukurasa wa nyuma, kulikoandikwa mambo ya siku moja ya mwaka uliopita ilipokwama vibaya. Akafuata hatua kwa hatua, kidole kimoja daftarini, kimoja kwenye mashine. Ikafunguka. Printa ikaanza kukereza.

"Kumbe fundi ni wewe!" akasema Samuel.

"Chukua uende, usinitie kiherehere."

Nadeem aliporudi alikaa, akabonyeza mara mbili, akaganda. Mashine huweka kumbukumbu ya saa.

"Dada, nani aliifungua?"

"Mimi."

Akainamisha kichwa. Akasema kwa upole, "Usimwambie Taherbhai. Kule kwetu vijana wa kompyuta ni wengi kama kunguru wa hapa. Nikirudi naanza mwisho wa foleni."

Nyevu akalirudisha daftari mkobani. Alikuwa anampenda yule kijana kama mdogo wake.

Jioni Bwana Taher akanyoosha mkono. "Fomu, mama."

Nyevu akampa. Haikuwa na sahihi.

"Si kweli iliyoandikwa, Bwana Taher. Leo mmeondoka ikakwama, nami nikaifungua."

Bwana Taher akamgeukia Nadeem. Nadeem akatazama dirishani.

"Bahati hiyo," akasema Bwana Taher. "Nadeem, ikwamishe. Nyevu, kaa kitini."

Akakaa, wanaume wawili wamemsimamia mgongoni. Jasho lilimtiririka, akakosea mara mbili, akafunua daftari mbele yao bila kuona haya tena, kwa kuwa haya haikuwa na nafasi. Mashine ikafunguka.

"Umechukua muda mara tatu ya Nadeem."

"Ndiyo, Bwana Taher."

"Na siku ikikukatalia kabisa?"

"Nitaogopa, kama ninavyoogopa sasa. Lakini sitaifunika."

Bwana Taher akakuna ndevu. Alikuwa mtu wa hasira, ila hakuwa dhalimu. Akatoa fomu nyingine, akaijaza kwa kalamu yake mwenyewe. Mwanafunzi ameweza; Nadeem aombewe miezi sita ya kukabidhi kazi, basi.

"Ikisha miezi hiyo simwagizi mtu," akasema. "Huo mwaka elfu mbili wanaotutishia uko juu ya shingo yako. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nyevu akatia sahihi.

Ngazini Nadeem alimpisha atangulie, kama kawaida yake. "Dada, usingeweza kuningoja japo mwaka mmoja?"

"Nisamehe, ndugu yangu."

Walipofika chini Nadeem aligeuka upande wa pili wa njia, akaenda zake, na Nyevu akasimama akimtazama mpaka akapotea kichochoroni.

Tsofa alikuwa barazani. "Umetia sahihi?"

"Nimetia."

"Ya kwamba hujaweza?"

"Ya kwamba nimeweza."

Nyevu akangoja mzaha. Tsofa hakuwa nao. Alimtazama mkewe, akamtazama Chonga anayecheza mlangoni, kisha akajisogeza kando ampe nafasi ya kukaa.

"Basi Jumatatu usichelewe," akasema.