Kurasa za Nyuma ya Daftari

Nilitambua mwandiko wangu kabla sijamtambua mtu aliyeushika. Alikuwa kijana wa boda boda wa steji yetu ya Kaptembwo, Nakuru, yule ambaye hunipigia honi kila nikipita na unga mkononi. Aliketi upande upande juu ya pikipiki yake akila mandazi, na karatasi iliyofungiwa mandazi hayo ilikuwa yangu. Mafuta yalikuwa yameipenya katikati, lakini mstari wa juu ulisomeka vizuri: Leo nashukuru kwa jua, kwa afya, na kwa nafasi ya kuanza upya.

Nilikuwa ndiyo kwanza nashuka kutoka Naivasha, vumbi kwenye viatu na hasira tumboni. Nilipoona ule mstari, hasira yote ilitoweka ikabaki hofu. Kwa sababu kama ukurasa wa mbele ulikuwa umefika steji, kurasa za nyuma zilikuwa wapi?

Labda nieleze kwanza habari ya vitabu, maana yote yalianzia huko.

Nilikuwa nimeachishwa kazi kwenye shamba moja la maua kule Naivasha, nilikokuwa msimamizi wa wanaopanga maua kabla hayajasafirishwa. Nikarudi Nakuru kwa mama. Mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, nikawa nalala nyuma ya pazia katika chumba nilimozaliwa, ukuta wa mabati, jirani akikohoa unamwambia pole bila kuinua sauti. Mama ni mjane, ana ugonjwa wa presha na mguu mmoja mbovu. Anauza mandazi kando ya barabara, mbele ya nyumba yetu. Hakuniuliza lolote nilipoingia na begi. Alinisogezea sahani tu.

Hakuna daktari aliyeniambia kwamba naumwa. Nilijua tu kwamba chakula kilikuwa hakina ladha, usingizi umenihama, na kila mtu aliyeniuliza "umepata kitu?" nilitamani kumtia kidole cha jicho. Ndipo nikaanza kununua vitabu vya kujisaidia, vile vya mitumba vinavyotandazwa juu ya magunia mjini. Vyote vilikuwa na mzungu anayecheka kwenye jalada. Kimoja kiliniagiza nisimame mbele ya kioo kila asubuhi niseme kwa sauti kwamba mimi ni mshindi. Nikasema. Jirani akajibu kutoka ng'ambo ya mabati, "Mshindi, punguza sauti, mtoto amelala."

Kioo nikakiacha. Kuandika ndiko kulikonishika. Kitabu kilitaka ninunue daftari zuri lenye jalada la ngozi. Mimi nilichukua daftari la shule lililobaki na kurasa tupu, na mbele nikaandika kama nilivyoagizwa: kila asubuhi, mambo matatu ya kushukuru. Niliyaandika kama mtoto aliyeadhibiwa kuandika "sitapiga kelele darasani." Jua. Afya. Mama. Kesho yake mama, jua, afya. Hakuna hata moja nililolihisi.

Lakini kila aliyesoma shule zetu anajua kwamba daftari lina upande wa pili. Nyuma ni mahali pa rafu. Huko ndiko unakofanyia hesabu kabla ya kuinakili vizuri mbele, na mwalimu hasahihishi huko. Siku moja mkono wenyewe uliligeuza daftari nikaanza kuandika kwa nyuma, na huko nyuma sikumdanganya mtu. Niliandika kwamba nimechoka na uchovu huu hauondoki kwa kulala. Niliandika kwamba mama angelisha mdomo mmoja badala ya miwili. Niliandika kwamba nikipanda mlima Menengai nikakaa peke yangu kule ukingoni mwa shimo lake, kelele za kichwani hupungua, na kwamba utulivu huo unanitisha kuliko kelele zenyewe. Na usiku wa kuamkia siku hiyo ninayoisimulia nilikuwa nimeandika: Sioni sababu ya kuendelea.

Nililificha wapi? Sikiliza ujinga wangu. Mama hufungia mandazi karatasi za madaftari ya zamani, anayoyanunua kwa wanafunzi shule zinapofungwa. Huwa na gunia zima chini ya meza. Nikaona hakuna mahali salama zaidi ya hapo, chini kabisa, daftari moja kati ya mengi. Mama anachukua ya juu. Gunia haliishi. Nikajiona mjanja kweli kweli, nikasahau kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Kuna jambo lingine lililokuwa likinichoma siku hizo. Mama alikuwa hanipi nafasi ya kupumua. Tangu mvua zianze, alikuwa akinituma dukani kutwa. Kalete unga nusu kilo. Narudi, nakaa, nafungua kitabu. Kalete hamira. Narudi. Kalete unga nusu kilo tena. Mwanamke aliyeuza mandazi tangu nikiwa sijaota meno alikuwa amesahau kwamba unga huuzwa kwa bale, pakiti tele kwa mkupuo mmoja! Kitabu changu kilikuwa na sura nzima kuhusu kuwawekea watu mipaka, na siku moja nikamwambia kwa heshima zote, "Mama, leo nina shughuli." Akasema sawa baba. Kitambo kidogo akaniita nikamshikie karai, eti mkono unamuuma. Niliushika ule mshikio wa karai nikisaga meno.

Basi asubuhi hiyo nilitoka alfajiri bila kumwambia. Nilisikia shamba fulani linachukua watu, na sikutaka anifungie saumu halafu jioni anisome usoni. Simu niliizima. Kitabu kilisema mtu azime simu siku moja kwa wiki aisikie nafsi yake. Kule Naivasha tulisimama getini mpaka jua likatuchoma, wakaandika majina, wakasema watatuita. Nafsi yangu niliisikia barabara, na haikuwa na neno zuri la kusema.

Sasa nilikuwa steji nimesimama mbele ya mandazi.

"Boss, hiyo karatasi umeitoa wapi?"

"Niaje bro. Si hapo kwa mathe wako. Kwani iko na nini?"

"Nipatie."

"Wacha nimalize basi. Hata imeandikwa poa. Ni ya kanisa?"

Sikungoja. Nilikimbia hadi kwa mama, na njiani niliziona nyingine. Moja ilikuwa chini ya kiatu cha fundi viatu. Nyingine ilikuwa mikononi mwa akina mama wawili waliokuwa wakitoka ibadani, mmoja akimsomea mwenzake, wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Niliisikia "na kwa mama yangu" ikinipita. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, na chini ya aibu kulikuwa na swali lile lile. Za nyuma. Nani anazo?

Kwenye karai hakuwepo mama. Alikuwa jirani yetu, yule wa ng'ambo ya mabati, ameshika kijiko cha kuopolea akinikodolea macho.

"Umerudi! Ai, Mungu wangu. Umekuwa wapi wewe?"

"Daftari liko wapi?"

"Daftari gani? Mama yako anakutafuta!"

"Hilo unalofungia. Liko wapi?"

Akanionyesha benchi kwa kijiko. Yalibaki majani machache ya mbele. Nyuma hakukuwa na kitu. Kurasa zilikuwa zimeng'olewa zote kwa pamoja, pini zimepinda.

"Alikuja nazo mkononi," jirani akasema, sauti imeshuka. "Akaniambia simamia karai, akatoka mbio. Mbio, na ule mguu wake! Hicho kitabu alikiacha hapo, mimi nikajua ni cha kufungia. Nimekosea?"

Hakuwa amekosea. Kila daftari lililowahi kuwekwa kwenye benchi lile lilikuwa la kufungia.

Niliwasha simu. Zikaanza kuingia, simu zote alizonipigia, zikifuatana hadi nikashindwa kuangalia. Nikampigia. Ikalia ndani ya nyumba, chini ya kitambaa cha unga. Alikuwa ametoka bila simu, bila kibeti, bila dawa yake ya presha. Amesoma kwamba mwanawe haoni sababu ya kuendelea, amemkosa nyuma ya pazia, amempigia hapatikani. Na nilijua alikoenda, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyemwandikia mahali.

Yule kijana wa boda alikuwa amenifuata. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alitupa kipande cha mwisho cha mandazi mdomoni akasema, "Panda. Wapi?"

"Menengai."

Hakuuliza bei wala sababu. Tulikata mjini, tukapanda, nyumba zikapungua, miti ikaanza. Kila mwanamke mwenye kitambaa kichwani nilidhani ni yeye. Nilimwazia mguu ule mbovu kwenye kilima kile. Nilimwazia moyo wake. Nilikuwa nimeogopa miezi yote kwamba nitakufa, na sasa niliogopa kwamba nitakuwa nimemuua mtu mwingine kabla. Nikamwomba Mungu, yule yule niliyekuwa nikimshukuru kwa uongo kila asubuhi, na safari hii sikukosa maneno.

Tulimkuta kabla ya kufika kileleni. Alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya barabara, karibu na mwanamke mchoma mahindi, amevua ndala na kuzishika mkono mmoja. Aproni yake bado ilikuwa na unga. Mkono wa pili ulikuwa umekunja zile kurasa hadi zikawa kama fimbo. Nilisikia akimwuliza mpita njia, "Hujaona kijana mrefu, ameinamisha kichwa hivi?"

Aligeuka akaniona. Hakupiga kelele. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni kisha akarudi kichwani, kama mtu anayehakikisha bidhaa haijavunjika.

"Umekula?" akasema.

Nikatikisa kichwa. Ndipo akainuka akanipiga begani na zile karatasi, akanipiga tena, na mara ya tatu mkono ukabaki hapo hapo begani.

"Nilienda Naivasha kutafuta kazi, mama."

"Na simu?"

"Niliizima. Kitabu kilisema..."

"Kitabu." Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa. Akakaa tena. Akausugua ule mguu wake.

"Umesoma zote?" nikauliza.

"Nasoma tangu mvua ianze. Hilo gunia mimi hugeuza kila wiki, panya wasizalie chini. Ulifikiria litajigeuza?"

"Na hukuniambia kitu."

"Ningekuambia nini? Nikisema, ungewacha kuandika. Na mimi ningekujulia wapi?"

Mwanamke wa mahindi alijifanya anapepea makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri tu.

"Basi nikawa nasoma, narudisha, nakutuma," mama akasema. "Unafikiria sijui bale ya unga? Nimenunua bale kabla hujazaliwa. Lakini nikinunua bale, baba, nitakuita na nini?"

Niliketi chini kwenye vumbi. Nililia, na sikuangalia nani ananiona. Miezi yote hiyo nilikuwa nimehesabu kero, na kumbe kila nusu kilo ilikuwa mama anayechungulia kama bado nipo. Nilitaka kumwomba msamaha kwa kusaga meno, lakini nilichoweza kusema ni kwamba kurasa za mbele zimezagaa Kaptembwo nzima, kwamba akina mama wa kanisa wanazisoma.

Akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, lakini nilikisikia.

"Wacha zifunge mandazi. Hizo zilikuwa za kitabu chako. Hizi ndizo zako." Akazinyoosha zile kurasa pajani, akazikunja vizuri, akanirudishia. "Endelea kuandika. Lakini kesho tunaenda kliniki. Mimi naenda ya presha, wewe unaenda ya haya uliyoandika. Siwezi kukulinda na unga peke yake, nimechoka. Leo sikuweza."

Alikuwa hajawahi kuniambia kwamba amechoka. Nikasema tutaenda.

Tulienda kweli, na bado naenda, na kuna siku nzuri na siku ambazo pazia lile nalitazama tu. Vitabu sikuvitupa. Kimoja kinashikilia mguu wa meza na vingine navisoma nikiwa na moyo wa kubishana navyo. Daftari langu jipya naliandika kuanzia nyuma, na liko juu ya meza, na sijaliwekea chochote juu yake.

Lakini jioni ile tulishuka kilimani watatu kwenye pikipiki moja, mama katikati, ndala zake nimezishika mimi. Tulipokaribia steji kijana wa boda alitoa ile karatasi yenye mafuta mfukoni akanipa bila kugeuka. Mama akanigusa goti.

"Shuka hapo dukani. Unga umeisha."

"Nusu kilo?"

"Nusu."

Nilishuka. Nilipotoka dukani na kifurushi changu, mama alikuwa ameshuka kwenye pikipiki, amesimama barabarani, pekupeku, macho yake mlangoni.