Kofia Aliyoijaribu Mama

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwenye duka wa Mwisenge, pale Musoma mjini, aliponiambia nifumue nywele kwanza ndipo nijaribu kofia ya pikipiki, nilimwona hana adabu. Nywele zenyewe zilikuwa za uzi. Jirani yangu wa Butiama alikuwa amenisuka jana yake mchana kutwa, akakaza mpaka ngozi ya paji la uso ikawa inavutika, na vijiti vya nywele vikasimama kila upande. Leo nizifumue kwa sababu ya kofia? Nilimwambia anipe kofia, habari za nywele aniachie mwenyewe.

Nilikuwa bibi shamba wa vijiji vya Butiama. Miaka ile ya shida nilizunguka mashamba ya watu kwa miguu, katambuga za tairi miguuni, na sabuni nyumbani tukiikata vipande kwa uzi ili kila mtu apate cha kuogea. Baiskeli ya ofisi ilikuwepo, ila ilikaaga stoo mwaka mzima haina tairi. Halafu ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa vitu, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na ofisi yetu nayo ikaletewa pikipiki moja. Nikapewa mimi. Wenzangu wanaume walinipongeza kwa midomo, kisha wakaanza kubishana nitaanguka kwenye korongo lipi.

Mkuu wangu hakuwa mtu mbaya, lakini alinipa sharti mbele yao wote. Nipate leseni ndani ya wiki tatu, na kofia nijitafutie mwenyewe kwa sababu ofisi haina. Nikishindwa, pikipiki itapelekwa Bunda kwa bwana shamba wa pamba, na mimi nirudie katambuga zangu. Niliitaka pikipiki ile, jamani. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka harusi.

Kuendesha hakukunisumbua. Nilijifunzia kwenye uwanja wa shule, nikaangusha goli moja la miti, basi. Aliyenitisha ni trafiki wa Musoma aliyekuwa akitahini watu. Huyo bwana, kabla hujapiga kiki, alikuwa anakujia, anashika kofia yako kwa mikono miwili na kuizungusha. Kofia ikizunguka na kichwa kikabaki, umefeli, nenda nyumbani. Bwana mifugo mmoja alikuwa amejaza magazeti ndani ya kofia yake ili imshike. Trafiki aliyachomoa moja moja, akayasoma kwa sauti mbele ya watu waliokuja kutazama mtihani.

Kwa hiyo pale Mwisenge nilikuwa na akili zangu zote, isipokuwa kwenye nywele. Mwenye duka alikuwa na kofia tatu tu, zote zilizokwisha kuvaliwa Ulaya. Nyeusi ilikuwa pana mno, hiyo tuliiacha kwenye msumari. Nyeupe niliisukumiza kwa nguvu, ikashuka nusu, ikanibana mashavu mpaka midomo ikachomoza kama ya samaki sato, na vijiti vya nywele vikanichoma utosini. Nikaivua kwa hasira. Nyekundu iliingia yenyewe taratibu, ikakaa juu ya nywele kama imepimwa kwa fundi.

Mwenye duka hakufurahi. Alinifundisha namna yake ya kuuza: mteja anafunga mkanda, anatikisa kichwa kama mtu anayekataa chakula, kisha anakwenda kunywa chai kwenye kibanda cha jirani akiwa na kofia kichwani. Chai ikiisha na paji la uso linauma, kofia si yake. Ikiwa ilimbana mashavu kidogo na sasa ameisahau, hiyo ndiyo yake. Nikanywa chai ndani ya kofia nyekundu, watu wa kibandani wakicheka na kuniuliza kama nimetoka vitani. Sikuumwa popote. Nilitikisa kichwa, haikusogea. Mwenye duka alishikilia kwamba ile nyeupe ndiyo saizi yangu, kwamba nyekundu imeshikwa na nywele tu, haijashikwa na kichwa. Nikamwuliza yeye ni msusi? Nikalipa, nikaondoka zangu na nyekundu. Ukutani alikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na mimi nilikisoma vizuri kabisa.

Wiki iliyotangulia ya mtihani, bibi mzaa baba akafariki. Alikuwa amekula chumvi nyingi, ameona vitukuu, na alikuwa ametuaga mara tatu kabla ya hapo, mara zote akaamka asubuhi akadai uji. Msiba wa mzee kama huyo una vilio lakini una vicheko pia. Tulikusanyika kijijini kwetu, ziwani, mahali ambapo kisiwa cha Rukuba kinaonekana kukiwa hakuna ukungu. Kwaya iliimba, dagaa wakaliwa, na Jumatatu, siku ya kuanua matanga, tukanyolewa. Kwetu hakuna mjadala hapo. Wembe ulipita kichwani kwa mama, ukapita kwangu, na nywele zangu za uzi zikaanguka chini pamoja na za wengine.

Mchana ule nikaikumbuka kofia niliyokuwa nimekuja nayo msibani. Niliivaa nyuma ya nyumba, nikageuza shingo kutazama ziwa. Shingo iligeuka, kofia ilibaki pale pale, na mbele ya macho yangu nikaona sponji tupu. Nilitaka kulia, na si kwa ajili ya bibi. Mtihani ulikuwa Ijumaa.

Ningekimbilia Mwisenge siku ile ile, lakini mimi ndiye niliyepewa jina la bibi. Katika ukoo wetu mwenye jina la marehemu hatoki. Tangu siku ya kunyolewa anakaa siku nne kwenye kigoda cha marehemu, anapokea pole za watu kwa niaba yake, na sokoni hakanyagi. Ningetoka Ijumaa alfajiri, moja kwa moja kwenye mtihani. Waliobaki walikuwa huru, mama akiwa mmojawapo kwa sababu yeye alikuwa mkamwana tu, mke wa mtoto.

Na mama hakuitaka pikipiki hata kuisikia. Alisema mwanamke hawezi kukalia chuma chenye moto akaja kuzaa watoto wazima. Tangu utoto wangu, kwa ajili ya lile jina, akikasirika ananiita mama mkwe, na tangu habari za pikipiki zimfikie nilikuwa mama mkwe kutwa nzima. Kumwomba anisaidie niipate ilikuwa sawa na kumwomba anichimbie kaburi. Nilikaa kwenye kigoda Jumatatu yote na Jumanne nikitafuta maneno.

Jumanne jioni aliniletea uji. Nikaupokea, nikanyoosha mgongo kama bibi alivyokuwa akikaa, nikasema kwa sauti yake, "Mkwe wangu, kesho utakwenda Musoma, ukanibadilishie kofia."

Mama alinitazama. Aliitazama kofia nyekundu iliyokuwa chini ya kigoda. Akapiga makofi mawili na kuanza kucheka, akacheka mpaka akashika mlango, mara ya kwanza tangu msiba uanze. Kisha akapiga goti kidogo, vile vile alivyompigia bibi miaka yote aliyoolewa, akaitika, "Abee, mama."

Nilimwambia achukue ile nyeupe, nikaanza kumweleza mambo ya mkanda, mashavu na chai. Alinikatisha. "Kichwa ni hiki hiki," alisema, akijipiga kisogoni. Ni kweli, kisogo chetu ni kimoja, kimetokeza nyuma kiasi kwamba watu wananijua mimi ni wa nani hata nikiwa nimewapa mgongo. Sasa vyote viwili vilikuwa vipara.

Yaliyotokea Mwisenge nilisimuliwa baadaye na mwenye duka mwenyewe. Alisema aliona mama mtu mzima aliyenyolewa, kanga ya msiba kiunoni, anaweka kofia nyekundu mezani na kuuliza nyeupe iko wapi. Akamwonyesha lile boksi la ukutani. Mama akajibu kwamba hajui kusoma, jambo ambalo ni uongo, alikuwa mzee wa kanisa na alisomaga masomo ya Jumapili. Akaitungua nyeupe mwenyewe, akaivaa. Hakutikisa kichwa kama walivyozoea wateja. Aliijaribu kama ndoo ya maji. Alitembea mpaka barabarani na kurudi, akachuchumaa, akainuka bila kushika kitu, akageuka ghafla kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Watu walijaa. Alipomaliza, akaaga kwa adabu na kutoka nayo kichwani, na mwenye duka akajikuta ameshika nyekundu. Alisema hakuwa na nguvu ya kubishana na mfiwa.

Sisi tuliokuwa nyumbani tuliliona lori la samaki likisimama barabarani Jumatano jioni, na mtu mwenye kichwa cheupe kikubwa akishuka taratibu kati ya matenga. Wanakwaya walisimama. Mama alikuja uani hivyo hivyo, kofia kichwani, mkanda umefungwa, kikapu mkononi, akiwaitikia watu salamu kwa sauti iliyozibwa na sponji. Alikuwa ameivaa tangu dukani.

"Mpaka tunapita Bweri njiani ilikuwa inanibana mashavu," aliniambia akifungua mkanda. "Baada ya hapo nikaisahau."

Nilimshika mikono, nikamwambia nampenda, neno ambalo sisi watu wa ziwani hatulisemagi ovyo, naye akaniambia nisimharibie siku, mama mkwe.

Ijumaa trafiki alinijia kama kawaida yake. Alitazama kipara kilichokuwa kinachungulia shingoni, akanipa pole, kisha akaishika kofia kwa mikono miwili na kuizungusha bila huruma. Shingo yangu ilikwenda nayo, na mabega nusura yafuate. Alijaribu upande wa pili. Akaniuliza nani amenichagulia, nikamwambia mama yangu, akasema mama huyo angefaa kuajiriwa. Nikapiga kiki. Pikipiki haikwenda Bunda.

Niliiendesha miaka mingi, mpaka ikawa inashikiliwa na waya. Mama alishikilia msimamo wake hadi Jumapili ya mavuno mwaka ule ule, njia ilipojaa tope naye ana kitenge kipya. Alipanda, akakaa upande kama kwenye karia ya baiskeli. Kofia ilikuwa moja tu, akaivaa yeye.

Mwaka jana tulimzika. Naye alikuwa amekula chumvi nyingi, naye alituaga zaidi ya mara moja. Siku ya kuanua matanga wembe ulipita kichwani kwangu tena, na sasa nywele zilizoanguka zilikuwa nyeupe. Niliingia chumbani kwake peke yangu. Kofia ilikuwa juu ya kabati lake, alikokuwa akitunzia hirizi za wajukuu, ndivyo alivyoviita vyeti vyao vya shule. Sponji imeanza kupukutika, lakini niliivaa, nikafunga mkanda, nikaketi kitandani. Ilinibana mashavu. Nikakaa nayo hivyo kitambo, muda wa kumaliza kikombe cha chai, nikimkumbuka akishuka kwenye lori, nikicheka na kulia peke yangu. Wageni waliponiita uani nipokee pole zao, niliitika abee, nikatoka, na nilipowaona wote wananikodolea macho ndipo nilipojua kwamba nimeisahau kichwani.