Aliyenichagulia Fimbo ya Kuvulia

Wallahi sikuota. Wala jua halikunipiga kichwani, ingawa wanaosema hivyo ni wengi na hata mmoja hakuwapo.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Sur, huku Uarabuni, tangu ujanani. Mke wangu alipofariki, na wanangu wako kazini miji mingine, nilibaki katika nyumba ya vyumba sita na sauti ya friji. Unajua mtu hufika mahali akalijibu friji? Mimi nilifika. Basi siku moja nikasema nitanunua fimbo ya kuvulia, niende khor, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, nikavue chaa. Angalau nitakuwa nangoja kitu.

Nilifika dukani adhuhuri. Muuzaji alikuwa anatoka kwenda kusali. "Chagua, baba, narudi sasa hivi," akanambia. Nikashika fimbo nene kuliko zote.

"Siyo hiyo, yakhe."

Nyuma yangu kasimama mtu wa umri wangu, kavaa dishdasha, kanzu nyeupe ya huku. Mlango sikuusikia. Alisema Kiswahili cha mtaani kwetu, kile ambacho hata wanangu hawakijui, na mimi kwa furaha sikumuuliza katoka wapi. Ungekuwa wewe ungeuliza?

Akatwaa fimbo nyembamba, akaibana ncha darini ikapinda taratibu. "Chaa mdomo wake laini. Fimbo ngumu itamchana, akuponyoke. Taka ncha inayoinama kabla hujavuta. Na iwe nyepesi, utaichezesha mchana kutwa, juu kidogo, chini kidogo, mpaka chambo chako cha bandia, kile cha risasi, kicheze kama dagaa."

Akanishika kidole cha shahada, akakiweka juu ya fimbo, kisha akaigonga ncha kwa ukucha. Nikalisikia pigo lile mpaka kwenye kiwiko.

"Hivyo ndivyo atakavyokupigia hodi," akasema.

Muuzaji aliporudi nikalipa. Mwenzangu alikuwa keshatoka, ananingoja nje.

Khor palikuwa kimya, watu wote wamelala kwa joto. Tulisimama ukingoni, nikavua chaa wa kwanza, wa pili, tukacheka. Miezi mingi sikuwa nimecheka na mtu.

"Nyumbani hakuna anayekungoja, sivyo?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Basi sogea. Wakubwa wako mbele."

Nikasogea. Akanambia tena, nikasogea tena. Amini usiamini, maji sikuyahisi. Yeye alikuwa mbele yangu ananitazama kwa huruma ambayo sijaiona tangu nimzike mke wangu, na nguo yake ilikuwa kavu.

"Shikamoo, babu!"

Sauti ilitoka juu ya paa la nyumba iliyokuwa karibu na ukingo. Alikuwa binti wa Tanga anayefanya kazi pale, anaanika nguo. "Shikamoo! Babu, unakwenda wapi?"

Nimelelewa Unguja, shikamoo siiachi bila jibu. Nikageuka. "Marahaba, mwanangu."

Hapo ndipo nilipoyasikia maji. Yalinifika kifuani, nguo imekuwa nzito, chumvi mdomoni. Mbele yangu hakuna mtu. Yule binti akaja mbio miguu mitupu, akaingia na nguo zake, akanivuta mpaka nchi kavu.

"Nimekuamkia mara tano, babu," akasema huku analia. "Ulikuwa unacheka peke yako."

Sasa naishi Ibra kwa binti yangu, ambako hakuna bahari. Kile kidole alichonishika yule mtu wa dukani kimekufa ganzi. Nikikitia kwenye barafu au chai ya moto ni mamoja, na madaktari hawaoni kitu.

Lakini si hilo linalonitisha. Nitakwambia jambo ambalo binti yangu hajui: namkumbuka yule mtu kwa hamu. Wakilala wote baada ya chakula cha mchana, nasikiliza kama ataniita, na sijui akiniita nitafanya nini.

Kwa hiyo usimfuate mtu anayeujua upweke wako kabla hujamwambia. Na kama unaye mzee anayeishi peke yake, mpigie simu mchana. Usiku sisi tunalala. Mchana ndio mrefu.