Wote wanafurahi kwamba nina uvimbe kichwani, na sina

Admin, jina langu lisionekane popote, maana mawifi zangu wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka 33, nashona nguo hapa Kiseke, nina mume na binti mmoja wa miaka sita.

Nina bipola, ugonjwa wa akili. Kuna kipindi silali, naongea kama redio, nashona magauni ambayo hakuna aliyeyaagiza. Halafu nazimika, hata kuoga nashindwa. Ukweni nilikuwa naitwa "yule kichaa". Nilipolazwa mara ya mwisho, mama mkwe alimchukua binti yangu akaenda naye kwake Buhongwa. Nikawa namwona Jumapili tu, tena shangazi yake akiwa amekaa katikati yetu. Jamani, iliniuma!

Juzi kati nikapigwa picha ya ubongo, majibu yakatoka safi. Mume wangu akauliza, "Sasa dokta, kama picha ni safi, anaumwa nini?" Daktari akamwelewesha vizuri tu: picha ile ni ya kuangalia kama kuna magonjwa mengine, bipola yenyewe haionekani humo. Akaongeza kwamba wataalamu bado wanachunguza kama baadhi ya wagonjwa wana uvimbe mdogo wa ndani kwa ndani kwenye ubongo, si ule wa kupasuliwa, ambao kipimo kile hakiuoni. Akamaliza, "Aendelee na dawa zake."

Mume wangu alisikia neno moja. Tulipotoka tu akampigia mama yake huku analia: "Mama, kumbe ni uvimbe! Mke wangu si kichaa!" Nilimvuta shati, hakugeuka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikanyamaza.

Kesho yake mama mkwe akaja na binti yangu na begi lake la nguo. Nikasema, "Shikamoo mama." Badala ya kuitikia akanikumbatia. "Mwanangu, tumekuonea bure. Mtoto wako huyu hapa." Kisha akaingia chumbani, akachukua dawa zangu zote akazitupa chooni. "Hizi za vichaa ndizo zilikuwa zinakumaliza. Huo uvimbe tutatafuta wa kuupasua."

Nilimweleza mume wangu ukweli, kwamba daktari hakusema mimi nina uvimbe. Akainama, akasema, "Mama akijua, atamrudisha mtoto Buhongwa, na mimi sitakuwa na la kumjibu."

Sasa ni wiki ya pili bila dawa. Kliniki siwezi kwenda, wifi yangu ananisindikiza kila mahali eti nisianguke njiani. Usingizi umeanza kukata, nashona bila kuchoka, na hali hiyo naijua inakonipeleka. Mama mkwe naye anataka Jumapili hii nisimame kanisani nishuhudie kwamba sikuwahi kuwa kichaa.

Nikisema ukweli, mtoto anaondoka. Nikinyamaza nitaugua, na mtoto ataondoka vilevile. Leo wakati namsuka ameniuliza, "Mama, uvimbe ukipona nitarudi tena kwa bibi?"

Ndugu zangu, ningekuwa dada yenu, mngeniambia nifanye nini kabla ya Jumapili?